Malalamiko kuhusu shilingi ya Malkia Victoria ya mwaka 1889: kutambuliwa vibaya na kusuguliwa kaunta

Kwa Meneja Mkuu,
Tawi la Mombasa.

Bwana Meneja,

Naandika kwa adabu, ingawa wiki mbili zimepita na mkono bado unanitetemeka kila ninapoitazama shilingi yangu ya fedha, niliyowaletea muitathmini, ambayo ilitoka dukani kwenu iking'aa kama kijiko kipya cha arusi, ikiwa na cheti kinachosema ni ya "kichwa kikubwa, aina ya kawaida", yaani ile ambayo picha ya malkia ni kubwa zaidi. Taratibu zenu za utathmini mnazijua kuliko mimi, kwa hiyo sitawasomea.

Sarafu ile si ya kichwa kikubwa. Shilingi za sura ya Jubilii, yaani ya kuadhimisha miaka 50 ya utawala wa malkia, sura aliyoichonga Joseph Edgar Boehm na kumvika malkia taji dogo utosini kama kofia ya kuazima, zilianza mwaka 1887 zikiwa na kichwa kidogo, na zote za 1887 na 1888 ziko hivyo. Kichwa kikubwa kiliingia mwaka 1889, na za 1890, 1891 na 1892 zote ni za kichwa kikubwa. Mwaka wenye sura zote mbili ni huo mmoja tu, na ndani yake kichwa kikubwa kimejaa tele, ilhali kidogo hutafutwa kwa taa. Katalogi iliyo juu ya meza yenu inazipa namba mbili mbalimbali, 3926 na 3927, wala si mimi niliyezipanga. Kuzitofautisha hakuhitaji shahada: unaiweka ya 1889 katikati ya shilingi ya 1888 na ya 1890, unashika kioo cha kukuzia, unatazama nafasi iliyobaki kati ya sura na maandishi ya ukingoni, kisha unaamua ni ndugu wa ipi.

Hizo mbili za kulinganishia nilikuwa nazo mfukoni siku ya Alhamisi. Nilipomwomba afisa wenu azitazame, alinijibu mbele ya wateja, "Mzee, kichwa ni kichwa, malkia ni yule yule," akachomoa kitambaa chenye dawa ya kung'arishia vyombo vya fedha, akamsugua malkia usoni, ati amwone vizuri.

Kampuni inayojitangaza kuwa ya wajuzi wa sarafu za kale haipaswi kufundishwa na mwalimu mstaafu kwamba sarafu ya fedha haisuguliwi. Ule weusi wa umri, uliotulia kwenye mikunjo ya utaji wa malkia na nyuma ya herufi kwa zaidi ya miaka 130, hauna duka unakouzwa. Mistari ya kitambaa sasa inaonekana shavuni bila hata ya kioo, na mnunuzi yeyote mwenye macho atapunguza bei kabla hajauliza kichwa ni kidogo au kikubwa.

Na cheti chenyewe nacho ni aibu. Kinamtaja Thomas Brock kuwa mchongaji, wakati sura ya Brock, yule malkia mzee, haikuonekana kwenye sarafu hadi mwaka 1893. Kinasema fedha yake ni asilimia 50, kiwango ambacho Uingereza ilikianza mwaka 1920, huyo malkia akiwa na miaka 19 kaburini. Shilingi ya 1889 ni asilimia 92.5. Tena cheti hicho, jambo ambalo nilipaswa kulitaja mapema, kina tarehe ya Jumatatu. Kilikuwa kimeandikwa, kimepigwa muhuri na kulipiwa siku tatu kabla ya kitambaa kutoka. Basi Alhamisi ile afisa wenu alikuwa anasugua ili aone nini?

Narudia tukio hilo, kwa sababu kijana wenu wa simu aliniambia Ijumaa kwamba "sarafu ilipanguswa vumbi kidogo". Haikupanguswa vumbi. Aliibana kwa vidole viwili, akaisugua kwa kuzungusha, akaipulizia pumzi, akaisugua tena huku mimi nimenyoosha mkono nikisema, "Tafadhali mwanangu, iache, iache." Kitambaa kikatoka cheusi. Akamwonyesha binti wa kwenye malipo, "Ona, sasa inapendeza," kisha akaidondosha juu ya kioo cha kaunta, na watu wawili kwenye foleni wakacheka. Shikamoo sikuidai. Nilidai aache.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kuomba mambo mawili tu: cheti kipya kinachotaja kichwa kidogo, kikisainiwa na mtu aliyeitazama sarafu kweli, na kurudishiwa ada yangu ya shilingi 3,500. Kadiri ninavyoandika naona hayo ni kuwahurumia. Nataka pia barua ya kuomba radhi iliyoandikwa na afisa mwenyewe, si na ofisi ya uhusiano, na nataka mtathmini wa nje nitakayemchagua mimi, kwa gharama yenu, apime tofauti ya thamani kati ya sarafu niliyowakabidhi na hii mliyonirudishia, nanyi mnilipe tofauti hiyo yote. Picha nilizopiga Jumapili, kabla sijaileta kwenu, ninazo, na uso wa malkia ndani yake hauna mstari hata mmoja.

Nilikuwa nimewapa siku 21. Nimezikata zikawa 14, tangu siku mtakayotia saini ya kuipokea barua hii. Zikipita kimya, nitakwenda Mahakama ya Madai Madogo na shilingi tatu mkononi, ya 1888, ya 1889 na ya 1890, nimwombe hakimu azipange mwenyewe, na kitambaa chenu kiletwe kama kielelezo.

Wenu,
Mteja mwenye risiti ya Jumatatu hiyo.

Nakala: Wakili wangu.