Wachoraji wa India sio bei za mnada tu

Mhariri,

Nawasoma kila wiki na kazi mnafanya, lakini hili la sanaa limenikaa rohoni muda. Mchoraji wa India akitokea kwenye kurasa zenu ujue picha yake imeuzwa mnadani kwa mamilioni ya dola, mtatuambia rekodi imevunjwa, basi, kachora nini na kwa nini kachora hamna hata mstari. Sasa mchoraji wa India kama Nalini Malani ataingia vipi humo?

Huyu mama kazaliwa Karachi 1946, mwaka uliofuata India ikagawanywa, Karachi ikawa Pakistan, familia ikakimbilia Calcutta na baadaye Bombay, ndo akasomea uchoraji hapo hapo kwenye chuo cha sanaa cha J. J. Mwaka 1992 aliingia ukumbi wa maonyesho wa Gallery Chemould, Bombay, akachora moja kwa moja kwenye kuta, watu wakaangalia siku 15 halafu kuta zikapakwa rangi na kazi yote ikafutwa. Alikuwa analilia michoro ya zamani ya hekalu la Nathdwara kule Rajasthan, iliyokuwa inaharibika huku hakuna anayejali. Niambieni, hiyo mnada ungeiuza vipi? Na mimi naona ni moja ya kazi kubwa kabisa alizowahi kufanya.

Halafu kuna hii ya kuchora nyuma ya kioo, aliipata kwa Bhupen Khakhar, yule mchoraji wa Baroda ambaye kazi yake ya mshahara ilikuwa uhasibu. Unapaka rangi upande mmoja, mtu anaangalia upande wa pili, kwa hiyo kila kitu kinageuka, unaanza na mboni ya jicho, kope, mstari wa mdomo, ngozi inafuata, mandhari ya nyuma ndo ya mwisho, na jicho likienda kombo huwezi kupaka juu yake ukaficha maana rangi ya kwanza ndo inayoonekana. Nalini akaitoa kwenye kioo akaipeleka kwenye plastiki angavu, akaikunja ikawa mitungi mikubwa kama mapipa, akaining'iniza inazunguka taratibu na mwanga wa projekta unapita katikati, vivuli vya watu na wanyama vinatembea ukuta mzima. Kule Kassel, Ujerumani, kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Documenta ya 2012 aliweka mitungi mitano ya namna hiyo, na ukisimama mle ndani kivuli chako nacho kinaingia kwenye picha.

Na hajachoka jamani. 2018 mtoto wa kike wa miaka minane alibakwa na kuuawa Jammu na Kashmir, kule India, Nalini mwenyewe, mama wa zaidi ya miaka 70, akawa anachora kwa kidole kwenye iPad, animesheni fupi fupi za hasira, akaziweka pamoja kwa jina Can You Hear Me? Mwaka 2023 Japani wakampa Tuzo ya Kyoto, sijaona hata aya moja kwenu.

Ombi langu ni dogo, nusu ukurasa kwa mwezi, mwandishi mmoja anayependa michoro kweli, aeleze kazi ilivyotengenezwa na iliudhi nani, na picha iwekwe kubwa tafadhali, sio ile ya saizi ya stempu. Muanze na huyu mama akiwa bado hai.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam