Barua kutoka Santo Domingo: siku niliyotembezwa mimi

Santo Domingo, Jamhuri ya Dominika
Jumamosi usiku

Ndugu yangu Badi,

Baada ya salamu nyingi kwako, kwa mama na kwa watoto, nakuarifu kwamba mimi ni mzima, kazi ya melini inakwenda kama ilivyo ada, na mkono uliokuwa umeteguka nilipokuandikia mara ya mwisho umepona. Sababu ya kushika kalamu usiku huu ni nyingine. Baada ya miaka tisa ya kuwatembeza watu Fort Jesus pamoja nawe, jua likituchoma na makoo yakitukauka, leo kwa mara ya kwanza maishani nimetoa pesa zangu mwenyewe nikatembezwa mimi. Meli ilifunga gati alfajiri, nikapewa ruhusa hadi jioni, na nje ya lango la bandari nikamkuta mama mmoja wa makamo mwenye mwavuli wa manjano akikusanya kikundi cha watu kumi na wawili. Nikalipa, nikawa wa kumi na tatu, nikajiapiza kutomwambia mtu yeyote kwamba kazi hii naijua.

Jambo la kwanza alilolifanya lilinifundisha kitu. Badala ya kutukimbiza mjini, alitugeuza tuupe mji mgongo, tutazame ng'ambo ya Mto Ozama, mahali ambapo hapana kitu kikubwa cha kutazamwa. Akatueleza kwamba makazi ya kwanza ya Wahispania hapa yaliwekwa ng'ambo ile mnamo 1496 na Bartolomé, ndugu yake Christopher Columbus, kisha mwaka 1502 kimbunga kikayavuruga na kuzamisha kundi la meli lililokuwa limeng'oa nanga kurudi Hispania. Ndipo gavana Nicolás de Ovando akauhamishia mji upande huu wa magharibi, akaupiga mistari iliyonyooka ya barabara ambayo tungeitembea siku nzima. Columbus mwenyewe alikuwa amemwonya Ovando kwamba tufani inakuja, naye akapuuza. Basi tulipougeukia mji tulikuwa tayari tunajua kwa nini umekaa pale ulipo. Sisi, Badi, huwapeleka wageni moja kwa moja hadi mlangoni, tukaanza na mwaka wa kujengwa ngome hali hata bahari bado hawajaitazama.

Tulipanda hadi Calle Las Damas, yaani Barabara ya Mabibi, iliyoitwa hivyo kwa ajili ya wanawake waliofuatana na María de Toledo, mke wa Diego Colón mwana wa Columbus, walipofika mwaka 1509. Husemwa kuwa ndiyo barabara ya kwanza kutandikwa mawe katika Amerika. Kwa kweli mji huu umejaa mambo ya kwanza: kanisa kuu la kwanza, hospitali ya kwanza, ngome ya kwanza ya mawe, chuo kikuu ambacho idhini yake ya Papa ni ya mwaka 1538. Nilikuwa nimeanza kuchoka moyoni, maana unajua jinsi neno hilo linavyoweza kuwa uvivu wa mwongozaji, lakini mama yule akasimama akasema: leo nitawaambia "ya kwanza" mara nyingi sana, na kila nikisema, nyinyi ongezeni kimoyomoyo "kwa Wazungu", kwa sababu Wataino, wenyeji wa kisiwa hiki, walikuwa na vijiji vyao, njia zao na viongozi wao kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Kuanzia hapo, kila alipotamka neno lile, alinyamaza kidogo, nasi tukatazamana tukitabasamu. Ni ujanja mdogo, lakini ulidumu siku nzima, na sijapata kusikia mwongozaji akiitumia pumzi yake vizuri namna hiyo.

Sasa nikufikishe ngomeni, maana huko ndiko nilikokusudia tangu nilipoanza barua. Inaitwa Fortaleza Ozama, nayo imekaa juu ya mdomo wa mto kama Fort Jesus ilivyoukalia mlango wa bahari wa Tudor kule kwetu Mombasa. Mnara wake mkuu, Torre del Homenaje, ulijengwa kwa amri ya Ovando katika miaka kumi ile ya mwanzo ya karne ya 16. Nilipoweka kiganja ukutani moyo ulinishtuka: ni mawe ya matumbawe, Badi, yale yale yenye vitundu na vipande vya makombe ndani yake, yanayokwaruza ngozi na kubaki na ubaridi hata saa sita za mchana. Mimi niliyevuka bahari mbili nilikuwa nimesimama kwenye ukuta wa kwetu. Nikapiga hesabu ya miaka palepale. Mwaka ule ule wa 1502 Ovando alipofika hapa, Vasco da Gama alikuwa Kilwa akimlazimisha sultani alipe kodi; na mwaka 1505, mnara huu ukiwa bado unapanda, Francisco de Almeida aliitwaa Kilwa, akajenga ngome, kisha akaja kuichoma Mombasa yetu. Siku zote nimewasimulia wageni habari za Wareno kana kwamba waliliangukia pwani letu peke yake kama radi. Leo ndipo nilipoona kwamba mikono iliyokuwa ikichonga mawe huku na huku ilikuwa ya kizazi kimoja, na Fort Jesus iliyoanzwa mwaka 1593 ni mdogo wa mnara huu kwa miaka themanini na zaidi.

Akatueleza pia kwamba ngome ile iligeuzwa jela na kubaki hivyo hadi miaka ya 1960. Yetu nayo ilikuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958, nawe hupenda kuwachekesha wageni kwa kuwaambia kwamba neno letu "gereza" lilitokana na "igreja", neno la Wareno la kanisa. Mama yule aliposema "iglesia", kanisa kwa Kihispania, mbele ya kanisa kuu, nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Kanisa lenyewe sitakuchosha nalo. Lilikamilika takriban mwaka 1540, ni zuri, lina kivuli kizuri zaidi, na mwaka 1586 Mwingereza Francis Drake aliuteka mji, akachoma sehemu yake, asiondoke mpaka alipolipwa dukati 25,000. Ndani yake, mwaka 1877, walifukua sanduku la madini ya risasi wakasema mifupa iliyomo ni ya Columbus, hali Wahispania wanasisitiza kwamba mifupa hiyo iko Sevilla, iliyosafirishwa huko kutoka Havana mwaka 1898. Mzee huyo hata baada ya kufa hakuacha kusafiri. Kuhusu jumba la Diego Colón, lililokarabatiwa sana katika miaka ya 1950, nakiri kwamba sikusikiliza vizuri, kwa sababu nilikuwa bado nawaza habari ya mawe.

Na ni habari ya mawe iliyomfanya mama yule atuketishe kwenye magofu ya hospitali ya San Nicolás de Bari, iliyoanzishwa na Ovando mwaka 1503. Leo ni kuta na matao yasiyo na dari, na njiwa wengi kupita kiasi. Kwa mapokeo ya mji, kabla ya hospitali palikuwa na kibanda cha mwanamke mmoja mweusi, aliyekuwa akiwapokea wagonjwa maskini na kuwauguza kwa uwezo wake. Jina lake halikuandikwa popote. Huitwa tu mwanamke mweusi wa hospitali. Mama yule hakupandisha sauti. Alilisema jambo hilo, akaacha njiwa warukeruke, kisha akauliza ni nani tunadhani aliyeyabeba mawe haya.

Hapo akaziunganisha habari mbili ambazo nisingeweza kuziunganisha mimi. Tarehe 21 Desemba 1511, mtawa wa Kidominika aitwaye Antonio de Montesinos alisimama kuhubiri katika mji huu, akawauliza wakubwa waliokuwa wakiwatumikisha Wataino hadi kufa: je, hawa si watu? Diego Colón alikuwamo miongoni mwa waliomsikia, naye akakasirika pamoja na wenzake. Miaka kumi baadaye, wakati wa Krismasi ya 1521, katika shamba la miwa la Diego huyo huyo, watumwa Waafrika, wengi wao Wawolofu wa upande wa Senegali, wakaasi na kushika njia wakiwaita watumwa wa mashamba mengine. Walizimwa kwa siku chache, wengine wakanyongwa, na mwanzoni mwa Januari 1522 zikatangazwa sheria kali za kuwadhibiti watumwa. Sanamu ya Montesinos iko ufukweni, kubwa mno, mkono umewekwa kando ya mdomo kama mtu anayeita kutoka ng'ambo. Tuliiona tukiwa ndani ya basi. Mama akasema kwamba aliyeuliza swali amejengewa sanamu, bali waliolijibu kwa miguu yao hawana hata jina.

Mchana tulipewa chakula wanachokiita La Bandera, nami niliposikia jina nikadhani nimesikia vibaya: ni bendera kweli, neno lililotufikia sisi kwa mdomo wa Mreno na wao kwa mdomo wa Mhispania, na bendera yenyewe ni wali, maharage na nyama. Nimevuka dunia nzima nikaandaliwa wali kwa maharage! Kando yake palikuwa na ndizi mbichi zilizokatwa, zikapondwa na kukaangwa mara mbili, na hizo ningekuletea kama zingeweza kustahimili safari. Baada ya chakula tukapelekwa, kama ilivyotarajiwa, kwenye duka la vito, tukaonyeshwa larimar, jiwe la buluu linalochimbwa katika nchi hii tu, nasi tukapewa dakika arobaini. Kanisa kuu lilipewa ishirini. Nilimwona mama yule akizungumza na mwenye duka pembeni, nikatazama pengine kwa heshima, maana kamisheni naijua na wewe unaijua, na watoto hawasomeshwi kwa bakshishi peke yake.

Mwisho tulifika Puerta del Conde, lango ambalo usiku wa tarehe 27 Februari 1844 uhuru wa nchi hii ulitangaziwa, si kutoka Hispania bali kutoka Haiti, iliyokuwa imewatawala kwa miaka ishirini na miwili. Hapo ndipo nilipoona mwendo wake ukibadilika. Mama aliyekuwa akinyamaza mahali pa kunyamaza sasa alisema kwa kasi: Wahaiti walitutawala, wakatuonea, waasisi wetu watatu wakatukomboa, nao wamelazwa hapa, karibuni mpige picha. Basi. Nikavunja kiapo changu nikauliza swali moja tu: na utumwa katika mji huu ulikomeshwa na nani? Alinitazama vile wewe na mimi tunavyomtazama mgeni aliyesoma kabla ya kuja. Kisha akajibu, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba ulikomeshwa na Wahaiti, walipoingia mwaka 1822. Akafungua mwavuli ingawa hatukuwa juani, akatuongoza hadi kwenye basi.

Sikumwonea hasira, ndugu yangu. Nilipokuwa nikirudi melini nilijiona mimi mwenyewe nikiwa kwenye boma la Fort Jesus, nikiwasimulia wageni kuzingirwa kwa mwaka 1696 kwa madaha yote, njaa, tauni, na Waomani wakiingia Desemba 1698, halafu nikaruka kwa mpigo mmoja hadi Waingereza, kana kwamba katikati pale hapakuwa na mashamba ya nafaka Malindi wala watu waliolimishwa kwa nguvu. Kengeleni tunapapita kila siku kwa matatu, na katika miaka tisa sikumwambia mgeni hata mmoja kwamba Frere Town, mtaa wa hapo hapo, ilianzishwa mwaka 1875 kuwapokea walioachwa huru, wala kwamba sheria iliyoondoa utumwa katika pwani letu ilikuja mwaka 1907, wakati babu yake babu yangu akiwa mtu mzima. Hakuna aliyenikataza. Ila wazee hukaa pale kwenye kivuli cha lango, wananijua, wanamjua baba, na kila familia ina upande wake katika habari hiyo. Basi nilikuwa nikifungua mwavuli wangu.

Nilimpa bakshishi nono kuliko wote, nami nikamwambia kwamba tunafanya kazi moja. Akacheka sana, akaniuliza kwetu ngome yetu ni ya mwaka gani, nilipomtajia, akasema, "Basi ni kijana."

Mkataba wangu unakwisha kabla ya Ramadhani, inshallah. Nikifika nitakuja langoni asubuhi nikiwa nimevaa kofia, nikate tiketi kama watu wengine, nawe unitembeze mwanzo hadi mwisho bila kuruka kitu. Anzia nje, kwenye maji. Nitauliza maswali, kwa hiyo mwambie yule mzee wa kahawa asogee karibu asikie. Nisalimie jamaa wote wa langoni, na umwambie mama kwamba larimar sikununua, bei yake haikuwa ya watu wa kazi kama sisi. Nimemchukulia kakao ya kuchemsha.

Wako mwandani,
Omari