Umbali wa mboni uandikwe kwenye karatasi ya miwani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji wa Tabora aliyelalamika hivi karibuni kwamba miwani inayouzwa huku kwetu magharibi ni feki. Alieleza kuwa alipimwa macho vizuri, akalipa, na tangu aanze kuivaa miwani hiyo kichwa kinamuuma juu ya macho na sakafu anaiona kama imeinama. Alipoirudisha dukani aliambiwa atazoea.

Mimi ni fundi wa kukata na kufunga lenzi hapa Kigoma Mjini, Mwanga. Miwani yake sijaiona, hivyo siwezi kuapa. Ila dalili alizozitaja nazisikia mara kwa mara kutoka kwa watu wanaoniletea miwani iliyotengenezwa kwingine, na nikiiweka kwenye lensomita, kifaa cha kusoma nguvu ya lenzi, nakuta namba ya lenzi ni ileile iliyoandikwa na mtaalamu. Lenzi haina kosa. Imekatwa mahali pasipo pake. Na sababu kubwa ninayoiona mezani kwangu ni karatasi za vipimo zinazotoka vituoni bila umbali wa mboni, yaani kutoka mboni ya jicho moja hadi ya jingine, ule ambao mafundi tunauita PD.

Nieleze kidogo, maana wengi wanadhani kukata lenzi ni kuifuatisha umbo la fremu tu.

Lenzi inafika dukani ikiwa duara zima, kipenyo chake milimita 65 au 70. Ndani ya duara hilo kuna nukta moja ambayo mwanga unapita bila kupindishwa. Tunaiita senta. Kazi ya kwanza ya fundi, kabla hajawasha mashine, ni kuitafuta senta kwenye lensomita na kuitia alama ya wino, na kama lenzi ina silinda, yaani nguvu ya ziada inayofanya kazi upande mmoja tu, kuhakikisha eksisi, yaani mwelekeo wa silinda hiyo, imelala kwenye nyuzi zilezile zilizoandikwa. Eksisi nayo haina msamaha: ukiipindisha kwa nyuzi 30, silinda inayobaki bila kurekebishwa inalingana na ile uliyotaka kuiondoa, yaani ni sawa na kutoiweka kabisa. Lakini eksisi angalau huandikwa. Baada ya hapo ndipo fundi anaamua duara likatwe upande gani, ili lenzi ikishaingia kwenye fremu senta ikae mbele ya mboni ya mwenye miwani. Si katikati ya tundu la fremu. Mbele ya mboni.

Chukua fremu ya kawaida yenye 52 na 18 kwa ndani ya mkono wake. Ile 52 ni upana wa tundu la lenzi moja, na 18 ni upana wa daraja la puani. Jumla ni 70, na huo ndio umbali wa kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jingine. Tuseme mwenye miwani ana umbali wa mboni wa milimita 62. Tofauti ni 8, kwa hiyo kila lenzi isogezwe milimita 4 kuelekea puani kabla ya kukatwa. Sasa fundi ambaye hakupewa hiyo 62 atasogeza kiasi gani? Wapo wanaokata katikati ya tundu na kufunga. Wapo wanaoweka 64 kwa kila mwanamume na 62 kwa kila mwanamke kwa kuwa ndio wastani. Watu wazima wengi wako kati ya 54 na 74, na mtoto wa shule ya msingi anaweza kuwa chini ya 50. Huwezi kubahatisha hapo.

Madhara yake yanapigiwa hesabu, na hesabu yenyewe ni ya darasani. Mwishoni mwa karne ya 19 mtaalamu wa miwani wa New York, Charles Prentice, alitoa kanuni ambayo tunaitumia mpaka leo: zidisha nguvu ya lenzi katika diopta, ambayo ndiyo namba ya miwani, kwa sentimita ambazo senta imehama kutoka kwenye mboni, utapata kiasi cha prizimu, yaani jinsi mwanga unavyosukumwa kando, kinachoingia machoni. Mtu wa namba 1, senta ikihama milimita 4, anapata 0.4, na huenda asihisi chochote. Ndiyo maana uzembe huu unadumu. Wateja wengi wa maduka ni wa miwani ya kusomea yenye namba ndogo, wanavaa, wanashukuru, wanaondoka. Mtu wa mainasi 6, yaani asiyeona mbali, kwa kosa hilohilo anapata 2.4 kwa jicho moja, na 4.8 kwa macho mawili. Senta zikiwa nje kuliko mboni, lenzi ya mainasi inayalazimisha macho yaachane kwenda pembeni. Macho kuelekea puani si shida, tunafanya hivyo kila tunaposoma, lakini kuachana kwenda nje yanaweza kidogo mno. Misuli inavutana tangu asubuhi hadi jioni. Kwa lenzi za nguvu kubwa viwango vya Marekani haviruhusu tofauti kati ya umbali wa senta na umbali wa mboni izidi milimita 2.5, na tofauti ya kimo, senta moja kuwa juu ya nyingine, haviruhusu izidi milimita 1. Pale juu tumekosea milimita 8.

Nimeona mwalimu mmoja kutoka wilaya ya Kasulu aliyevaa miwani ya namna hiyo kwa muda mrefu. Mainasi 7, macho yote mawili. Alipewa dawa za kutuliza maumivu, akapimwa presha, akapimwa malaria, akaambiwa apunguze kusahihisha madaftari usiku. Alipoketi kwenye stuli yangu alikuwa ameivua miwani na kuishika mkononi, akaniambia, “Fundi, naona bora nisione.” Niliiweka kwenye lensomita, nikatia nukta ya wino kwenye kila senta, nikapima kati ya nukta na nukta: milimita 73. Nikapima macho yake: 61. Ilikuwa fremu pana ya kisasa, 56 na 17, na waliikata katikati ya tundu bila kusogeza hata kidogo. Ukizidisha, ni prizimu 8.4 kwa jumla.

Na kuna jambo ambalo lilinikera zaidi. Ile fremu, kwa macho yale, isingewezekana kukatwa sawasawa kwa lenzi ya duara la 70. Ukisogeza milimita 6 kwenda puani, lenzi inaisha kabla haijafika kona ya nje ya fremu, panabaki mwanya. Aliyemuuzia angekuwa na umbali wa mboni mkononi, angeliona hilo papo hapo na kumwambia, “Mwalimu, hii haikufai, chukua ndogo.” Fremu ndogo ingempa hata lenzi nyembamba na nyepesi, maana mainasi kubwa unene wake uko kwenye kingo. Hakuambiwa, kwa sababu karatasi aliyokuja nayo haikuwa na hiyo namba na hakuna aliyeitafuta. Lenzi zile hazikuwa na la kurekebishwa. Plastiki ikishasagwa hairudi. Alinunua nyingine, kwa mshahara wa mwalimu, na za namba kubwa kama zake tunaagiza Dar es Salaam, kwa hiyo alisubiri tena.

Hapo ndipo ninapopingana na neno “utazoea”. Kuna kuzoea kwa kweli: mtu anayevaa silinda kwa mara ya kwanza, au anayeanza baifoko, miwani yenye sehemu ya kuonea mbali na ya kusomea, anahitaji siku kadhaa macho na miguu vielewane. Anayemwambia mtu wa mainasi 7 atazoea prizimu 8 bila kuichunguza miwani yake amemfukuza mgonjwa.

Kwa mkoa wetu tatizo lina sura yake. Watu hawaji wenyewe. Bahasha inatoka Kibondo au Kakonko kwa konda wa basi, ina fremu, karatasi ya vipimo na namba ya simu. Kutoka Kagunga au Kalya inakuja kwa boti, ameishika kijana aliyetumwa dagaa na mafuta ya mawese, na miwani ni jambo la tatu kwenye safari yake. “Fundi, mzee kasema ukate tu, boti inaondoka mchana.” Namwelewa mzee. Nauli ya kwenda na kurudi, na mahali pa kulala mjini, ni gharama kuliko lenzi. Lakini mboni za mzee ziko Kalya, na karatasi imejazwa kila kitu: jicho la kulia, la kushoto, silinda, eksisi, nyongeza ya kusomea, mpaka muhuri. Karatasi nyingine hata zina kisanduku kilichoandikwa PD kabisa, kikiwa kitupu.

Nawaheshimu sana wanaopima macho. Wako wachache, foleni ni ndefu, na timu zinazokwenda vijijini zinapima watu mpaka giza linaingia. Nasema hili nikijua hivyo. Kupima umbali wa mboni hakuchukui hata dakika moja, na hakuhitaji umeme wala mashine, ni rula ya milimita. Mnaketi uso kwa uso, sentimita 40 hivi, macho yenu kimo kimoja. Laza rula juu ya daraja la pua ya mgonjwa. Fumba jicho lako la kulia, mwambie atazame jicho lako la kushoto, weka sifuri kwenye jicho lake la kulia. Kisha, bila kuitikisa rula, fumba la kushoto, fumbua la kulia, mwambie atazame hilo, usome namba kwenye jicho lake la kushoto. Kwa macho yetu ya kahawia iliyokoza mboni haionekani vizuri, kwa hiyo usihangaike nayo: anzia ukingo wa nje wa duara la kahawia la jicho la kulia, umalizie ukingo wa ndani wa duara la jicho la kushoto. Jibu ni lilelile. Andika.

Mzee aliyenifundisha kazi hii, huko huko Tabora, alikata lenzi za kioo enzi za mkono. Alichora umbo kwa almasi, akamega kingo kwa koleo kidogo kidogo, akamalizia kwenye jiwe linalozunguka majini, huku akiinua lenzi na kuijaribu kwenye mfereji wa fremu mpaka ikae bila kubanwa. Mikono yake ilijaa makovu madogo. Karatasi isiyo na umbali wa mboni aliirudisha, hata mteja akikasirika, na alisema, “Lete uso kwanza.” Leo mashine inasaga lenzi ya plastiki kwa dakika chache tena bila kumkata mtu kidole, lakini mashine inasaga pale ulipoielekeza, na hakuna mashine inayojua macho ya mtu aliyebaki kijijini.

Siku hizi bahasha ikija bila namba napiga simu. Kama kuna mtu wa kituo cha afya karibu naomba ampime. Ikishindikana, naomba picha: mgonjwa atazame kamera kwa mbali kidogo, kadi ya benki au ya NIDA ikiwa imelazwa chini ya pua, kwa sababu upana wa kadi hizo ni milimita 85.6 na kwa kulinganisha naweza kupata umbali wa mboni. Kwa namba ndogo inanisaidia. Kwa namba kubwa siiamini, na kwa baifoko haitoshi hata kidogo, kwa kuwa lazima nione mstari wa kusomea utakaa wapi fremu ikiwa puani mwake. Hao naomba waje, hata kama ni baada ya mavuno.

Ombi langu kwa Wizara ya Afya na Baraza la Optometria ni moja. Karatasi ya miwani isiyo na umbali wa mboni ihesabiwe kuwa haijakamilika, kama vile ambavyo hakuna anayekubali karatasi isiyo na eksisi, na duka lisiruhusiwe kukata lenzi bila hiyo namba, liwe limeipata kwenye karatasi au limempima mteja lenyewe. Na nyie wasomaji mnaopimwa wiki hii, kabla hamjatoka kwenye chumba cha daktari ulizeni, “PD yangu ngapi?” Muiandike hata nyuma ya kadi ya kliniki. Kwa mtu mzima haibadilikibadiliki kama namba ya miwani, kwa hiyo ukishaijua itakufaa miaka mingi. Watoto wapimwe kila mara, vichwa vinakua.

Kwa ndugu yangu wa Tabora: usiitupe hiyo miwani. Nenda kwenye duka lolote lenye lensomita, waombe waweke nukta kwenye senta zote mbili na wapime kati ya nukta, kisha wakupime macho mbele ya kioo ujionee. Kama tofauti imezidi milimita 2 au 3 na namba yako ni kubwa, rudi ulikonunua na vipimo vyote viwili vimeandikwa, udai lenzi mpya. Wakikugomea na ukapata safari ya treni ya kuja huku mwisho wa reli, pitia Mwanga uulize fundi wa lenzi. Kupima huko silipishi.

Fundi wa lenzi,
Mwanga, Kigoma