Kusema "ni kweli" si kukubali hatia

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe rai kuhusu maneno mawili yanayosemwa kila asubuhi katika mahakama zetu. Kabla ya kustaafu nilikuwa karani na mkalimani wa mahakama hapa Mombasa kwa miaka mingi, na sikumbuki wiki iliyopita bila ya mimi kumsomea mtu shtaka kwa Kiswahili na kumwuliza kama ni kweli au si kweli. Akijibu "ni kweli", huandikwa kwamba amekubali kosa. Shaka yangu ni kwamba mara nyingi mtu yule alikuwa akijibu swali jingine.

Lugha yenyewe haitusaidii. "Kosa" ni lile ulilomkosea jirani, ni lile ulilomkosea Mola wako, na ni lile ambalo serikali inakushtaki kwalo. Hata "hatia", tunayoiona leo kuwa neno la mahakamani, imetoka katika Kiarabu, na huko maana yake ni dhambi. Basi mtu aliyefundishwa tangu chuo cha Kurani kwamba toba huanza kwa majuto, akisimama kizimbani na kuulizwa kama ni kweli, huichungua nafsi yake wala hakichungui kifungu cha sheria.

Namkumbuka kijana mmoja wa bodaboda aliyeshtakiwa kwa kusababisha kifo barabarani, baada ya mtoto kuchomoka uchochoroni mbele ya pikipiki yake. Aliposomewa shtaka alisema, "Ni kweli, amekufa kwa sababu yangu," akalia. Lakini kifungu cha 46 cha Sheria ya Trafiki hakiulizi hivyo. Kinauliza kama uliendesha bila kujali, au kwa mwendo au namna iliyo hatari kwa umma, na adhabu yake yaweza kufika miaka 10 gerezani. Bahati nzuri hakimu siku ile hakuwa na haraka. Maelezo ya tukio yalipokwisha kusomwa alimwuliza kijana kama anayakubali yote, naye akasema kwamba hakuwa akienda mbio, ila mtoto angekuwa hai lau yeye angepita njia nyingine. Hapo ikaandikwa kuwa amekana, na kesi ikapangiwa siku ya kusikizwa.

Hakimu hakumfanyia hisani. Katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1973, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilieleza kwamba mshtakiwa asomewe shtaka na vipengele vyake kwa lugha anayoifahamu, jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri iwezekanavyo, kisha asomewe maelezo ya tukio na apewe nafasi ya kuyapinga au kuyaongezea. Utaratibu ni mzuri, unaoupunja ni wingi wa kesi za asubuhi, na jamaa wanaomnong'oneza mtu ukumbini, "Sema ni kweli uyamalize, utapigwa faini twende zetu." Hawamwambii, pengine hawajui, kwamba aliyehukumiwa na mahakama ya chini kwa kukubali mwenyewe huwa hana rufaa ila juu ya adhabu.

Kosa la upande wa pili hulisikia barazani. Mtu akiachiliwa kwa kukosekana ushahidi, wenziwe humpa mkono na kusema kwamba mahakama imemsafisha. Katiba, katika kifungu cha 50, inamhesabu hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo, nami sitaki kanuni hiyo iguswe hata kidogo, maana bila yake kila mwenye adui angekuwa jela. Hata hivyo, aliyetoka kwa kuwa shahidi hakufika, kama alidhulumu, bado anadaiwa na aliyemdhulumu. Kijana wangu wa bodaboda naye aliachiliwa mwishowe. Nilipokutana naye Majengo baadaye, aliniambia kwamba kila Ijumaa bado huenda kuwajulia hali wazazi wa yule mtoto, na hakuna mahakama iliyomwamuru.

Kwa watoto hatubabaiki hivi. Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri wa kuweza kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12, lakini sijamwona mama wa Mombasa ambaye mwanawe wa miaka 11 ameiba simu akasema kwamba basi, sheria imemwachia. Humshika mkono akamrudisha na simu kwa mwenyewe.

Ombi langu ni kwa makarani walioko kazini. Msitosheke na "ni kweli" inayotoka huku mtu analia au anamtazama shangazi yake aliyekaa benchi ya nyuma. Mwombeni hakimu nafasi ya kulieleza shtaka kipengele kwa kipengele, na kila neno ambalo mshtakiwa ataongeza baada ya "ni kweli", hasa likianza na "lakini", mlifasiri lote.

Karani mstaafu,
Kibokoni, Mombasa