Barua kwa mwanangu: majani ya sungura, moja moja

Mwanangu,

Uliponipigia simu ukaniambia yule jike wa kijivu alisusa chakula usiku kucha, kisha ukasema "lakini imepita, Mama, sasa anakula", nilinyamaza kwa kuwa ulikuwa na haraka. Sikunyamaza kwa kuridhika. Nimelala nalo, nimeamka nalo, ndiyo maana naandika.

Sungura hatapiki. Shika hilo kabla ya yote. Paka akila kisichomfaa hukirudisha, na mbwa vivyo hivyo, lakini sungura akishameza amemeza, hakuna njia ila kipite tumboni chote mpaka mwisho. Na tumbo lake linatakiwa litembee mchana na usiku. Likisimama, gesi hujaa, maumivu yanamfanya asile, na kule kutokula kunazidi kulisimamisha. Sungura aliyekaa saa 12 bila kula wala kutoa kinyesi ni wa kupelekwa kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo, si wa kungojea kuche. Tena wao huficha maradhi. Ukimwona amejikunyata pembeni, anasaga meno, tumbo gumu, ujue ameshaumwa kitambo. Safari hii amepona mwenyewe, nashukuru. Usiichukulie kuwa ndiyo kawaida.

Sasa niambie, ulimpa nini siku ile? Umesema "majani ya bustanini". Majani gani? Kwenye picha uliyonitumia naona giligilani, nanaa, mrehani, na shamari juu yake, yote sahani moja, na yote kwao ni mageni. Kila moja kwa peke yake ni jema, silikatai hata moja. Lakini mnyama akiumwa tumbo baada ya sahani ile, utajuaje ni lipi lililomwumiza? Utabaki kukisia, na wewe si mtu wa kukisia. Shuleni ulikuwa ukirudia hesabu mpaka usiku kwa sababu ya jibu moja.

Jani jipya linaingia peke yake, baba. Kikonyo kimoja na majani yake, basi. Unasubiri siku moja au mbili huku ukiangalia kinyesi. Punje nzuri ni za mviringo, zinalingana ukubwa, na ukizivunja unaona ndani vipande vya nyasi. Zikianza kuwa ndogo ndogo, au zimeungana kwa nywele, au choo kimelainika na kuganda kwenye manyoya ya nyuma, liondoe jani hilo. Zikibaki vilevile, ongeza kidogo, na jingine lisubiri zamu yake. Ndani ya utumbo wao mkubwa kuna kifuko kilichojaa vijidudu vinavyochachusha nyasi, na vijidudu hivyo havipendi kushtukizwa. Ukibadilisha mlo ghafla, vile vyema vinapungua na vibaya vinapata nafasi.

Kuna choo kingine, cheusi, laini, kinachong'aa, kimeshikamana mithili ya kichala kidogo cha zabibu. Hicho hukila mwenyewe, anainama na kukichukua moja kwa moja kutoka mwilini, ndimo anamopata protini na vitamini B. Usikichanganye na kuhara. Ila ukikikuta kimeachwa sakafuni siku baada ya siku, mlo umezidi mahali, na mara nyingi ni peleti, vile vipunje vikavu vya chakula cha dukani, au matunda.

Jambo lililonikera katika mazungumzo yetu yote ni kwamba nyasi kavu hukuzitaja hata mara moja. Umenieleza majani ya viungo kwa furaha, mpaka nanaa unavyoipogoa, lakini nyasi kimya. Nyasi kavu ndizo chakula. Zikae bandani mchana na usiku, kila siku rundo linalolingana na mwili wake mwenyewe. Meno yao hayaachi kukua, na kutafuna nyasi ndiko kunakoyapunguza. Hayo majani mabichi ni nyongeza, kikombe kimoja kisichoshindiliwa kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na humo viungo viwe sehemu tu, zilizobaki ziwe mboga za majani za kawaida. Na yule anayekula peleti kwanza akaziacha nyasi, mpunguzie peleti. Usimhurumie.

Giligilani na mrehani wakishazizoea unaweza kuwapa mara kwa mara. Rozmari kidogo, ina harufu kali. Pasli na majani ya karoti usiyafanye ya kila siku. Wanyama wengi hufyonza kalsiamu ile wanayoihitaji, lakini sungura hufyonza kadiri inavyoingia, na ziada huitoa kwa mkojo. Ikizidi, mkojo huwa mzito na mweupe, na kibofu hujaa kama mchanga. Kukojoa kunamuuma, nawe utadhani ameanza tu ukaidi wa kuchafua banda.

Kile chungu cha dirishani, chenye majani marefu yaliyo wazi ndani, ni majani ya vitunguu. Kiondoe leo. Usiseme hawakifikii, sungura anaruka kuliko unavyomdhania. Vitunguu vya aina zote, vitunguu saumu, liki, na majani yake, mabichi au yaliyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu. Na usimpe majani ya nyanya, majani ya viazi mviringo, majani ya rubabu, wala parachichi, si tunda si jani. Mafuta ya kunukia yanayotolewa kwenye majani ya viungo ni kitu kingine kabisa, wala usiyasogeze bandani. Ukilikuta jani usilolijua jina, halilishwi. Haijalishi linanukia vipi.

Yaoshe, yakung'ute maji. Yaliyonyauka au kuanza kuteleza, tupa, na yaliyobaki bandani jioni yaondoe. Usikate kando ya barabara wala mahali palipopuliziwa dawa ya wadudu. Nyasi mbichi zilizokatwa kwa mashine nazo acha, zikikaa kwenye rundo zinapata joto na kuchacha, na uchachu huo unahamia tumboni kwao.

Nimesema mengi, najua hupendi. Lakini nikuambie na hili: lile banda umelijenga vizuri mno. Picha yake nimewaonyesha watu wote wanaoingia humu ndani, na shangazi yako ameuliza mlango wake umeufungaje. Una mkono, na una huruma kwa mnyama, vitu hivyo havifundishwi. Ninachokuomba ni subira tu. Jani moja. Halafu jingine.

Sasa hii safari yako. Umesema rafiki yako atawaangalia, na kwamba "anajua". Anajua nini? Mwandikie kwenye karatasi, ibandike juu ya banda, kwa herufi kubwa: nyasi kavu wakati wote, maji kila siku, majani yale tu waliyokwisha kuyazoea, na hakuna jipya mpaka urudi. Hata akiletewa jani zuri namna gani. Aandike kila asubuhi kama wamekula na kinyesi kikoje. Namba ya daktari wa mifugo iwe hapohapo, na muulize daktari huyo mapema kama anatibu sungura, maana si wote wanaowazoea. Fedha za matibabu mwachie mkononi, asije akaanza kukutafuta kwa simu usiku.

Na yule dume, umeshampeleka akahasiwe? Uliniahidi. Ukisafiri ukamwacha na jike utakuta vitoto, na vitoto havifai kuanzishiwa majani mabichi kabla ya wiki 12. Hapo rafiki yako atapata kazi ambayo hukumwambia. Kama bado, watenganishe kabla hujafunga begi.

Mdogo wako anauliza kama ile baiskeli yako ya zamani unaitaka au aitengeneze. Mjibu mwenyewe, amechoka kuniuliza mimi. Baba yako ameshazibua mfereji wa nyuma ya nyumba, mgongo unamuuma lakini hataki isemwe, kwa hiyo ukipiga usitaje. Sweta lako la bluu liko kabatini, ukija lichukue.

Kesho asubuhi, kabla hujatoka, nitumie picha ya kinyesi cha yule wa kijivu. Najua utacheka. Nitumie hivyohivyo, na uniandikie jana yake alikula jani gani na kiasi gani. Na kile chungu cha majani ya vitunguu nataka kukiona kiko nje.

Mama yako