Jumapili tunarudi kwenye tundu la 3 la harmonika

Wapendwa, habari za jioni.

Mazoezi ya Jumapili ni palepale kwenye mawe ya Capri Point, Mwanza, saa 1:30 asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaamka.

Bado tuko na "Juke" ya Little Walter, mpiga harmonika wa blues, aliyoirekodi Chicago mwaka 1952. Njooni na harmonika ya ufunguo wa A. Wimbo wenyewe uko kwenye ufunguo wa E, na ukiupiga kwa harmonika ya A, kazi kubwa ni kuvuta pumzi kuliko kupuliza.

Nimesikiliza sauti zote mlizotuma. Tunakwama tundu la 3. Ukilivuta, chini ya noti ya kawaida zimejificha noti tatu nyingine, na wengi tunazitafuta kwa nguvu. Jamani, msivute kwa nguvu! Vijiulimi vya ndani, vile vibati vyembamba vinavyotetemeka na kutoa sauti, vinachoka na kupoteza sauti. Vuta taratibu huku mdomo ukitoka "ii" kwenda "uu". Ulimi utarudi nyuma na noti itashuka yenyewe. Mimi nilihangaika wiki nyingi, hadi asubuhi moja nikiwa kwenye kivuko cha Kamanga ikateleza chini, laini kabisa. Mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa akageuka akaniambia, "Rudia hiyo, mwanangu." Nikarudia mpaka tukafika ng'ambo.

Ukinywa chai yenye sukari, sukutua kwanza, maana sukari inagandisha vijiulimi.

Mwenye harmonika ya C tu naye aje. Tutakaa naye pembeni tufanye tundu hilohilo.