Kufuli kwenye boksi la breka? Ulizeni kwanza ufunguo uko wapi

Ndugu Mhariri,

Huu ni mwaka wa kumi na saba nalisoma gazeti lako na sijawahi kukuandikia, hata wiki ile mliyochapisha majibu ya chemsha bongo kabla ya maswali. Lakini ile habari ya wezi wanaozima umeme wa nyumba kwa nje, iliyokuwa na picha ya boksi la breka, zile swichi za umeme zinazojizima zenyewe panapotokea hitilafu, lililotiwa kufuli kubwa kama la ghala, nimeshindwa kuinyamazia. Mwandishi wenu alitutisha safu mbili nzima, kisha akatuaga: tieni kufuli mlale.

Sisemi wezi hawapo. Wapo, na ujanja alioueleza ni wa kweli. Mtu anashusha meni swichi, ile swichi kuu ya nyumba nzima, ukutani, nyumba inaingia giza, kamera zisizo na betri zinakufa, naye anajibanza kando ya mlango akikungoja utoke na tochi yako uone breka gani imejizima. Hapo mwandishi angetufaa kwa jambo dogo tu: kabla hujagusa komeo, chungulia dirishani. Kama kwa majirani taa zinawaka na giza ni lako peke yako, usitoke. Hilo hakuliandika. Aliandika kufuli.

Basi nikusimulie la kwangu. Nilikuwa nimelitia miezi michache kabla, kwa hofu zile zile za mwandishi wenu. Usiku mmoja wa mvua mke wangu akaniamsha: "Mzee, nje kuna kitu kinakaangika." Nikatoka, nikakuta boksi linalia kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji, moshi mwembamba unapenya ukingoni mwa mfuniko, na ile harufu ya plastiki inayoungua. Ufunguo? Ufunguo ulikuwa kwenye shada moja na funguo za gari, na gari kaondoka nalo kijana wangu tangu jioni. Nikarudi ndani kuchukua nyundo. Kwa kuwa mnapenda picha, Mhariri, hebu piga hii: mtu mzima mwenye magoti mabovu, kandambili miguuni, amesimama kwenye dimbwi, anagonga boksi la chuma lenye hitilafu ya umeme kwa nyundo ya chuma, huku mkewe mlangoni anapiga yowe aache. Pigo la tatu kikang'oka kile kisikio cha kupitishia kufuli. Kufuli lenyewe halikupata hata mchubuko. Lilibaki linaning'inia, limejifunga vile vile, tiifu kabisa. Mke wangu akanirushia mwiko, nikashusha meni swichi kwa mpini wake, kukaanga kukakoma. Sasa niambie, kama mimi nimelimaliza kwa mapigo matatu, mwizi mwenye nondo atahitaji mangapi?

Halafu, kwa akili za usiku, nikataka kupangusa maji ndani ya boksi kwa kitambaa. Mke wangu alinivuta shati. Asubuhi fundi akanieleza alichoniokoa nacho: ukishusha meni swichi, breka zote zinazima, lakini zile skrubu zinazopokea waya kutoka kwenye mita bado zina umeme. Mfuniko wa ndani haufunguliwi na mtu wa kitambaa.

Na chanzo hakikuwa mwizi. Waya ulikuwa umeingizwa kwa juu, kwenye tundu lisilo na ile shingo ya plastiki ya kuubana, ukawa unateremsha maji ya mvua taratibu hadi juu ya breka. Mpira wa mfuniko ulikuwa mkavu kama ganda la mti. Tundu jingine, ambalo hakuna aliyewahi kuliziba, nyigu walikuwa wamelijengea kwa udongo, kazi safi kuliko ya yule fundi wa kwanza. Yule yule, naomba ieleweke, ndiye aliyewahi kung'oa breka ya ampea 20 "inayosumbua" akaniwekea ya 40 kwenye waya mwembamba wa milimita mraba 2.5, nami nikamlipa na kumshukuru kwa sababu ilikuwa haijizimi tena. Bila shaka haikujizima! Breka inalinda waya usiungue. Ukiikuza bila kukuza waya, waya ndio unaogeuka fyuzi, ndani ya ukuta wako, juu ya kitanda cha mtoto. Na mafundi hawa, kwa nini hawaandiki? Boksi langu lina breka nane na maandishi yaliyokuwepo ni neno moja la penseli: "chumba". Kipi? Wala hakuniwekea kile kifaa kinachokata umeme unapovuja kiasi cha miliampea 30, ambacho ndicho kingemjali mtu aliyesimama kwenye dimbwi. Sasa ninacho, na kile kitufe chake cha majaribio nakibonyeza mwenyewe.

Mwandishi wenu pia aulize kwa nini swichi iko nje tangu mwanzo. Kanuni za umeme za Marekani, tangu toleo la 2020, zinataka nyumba mpya za familia moja au mbili ziwe na swichi ya dharura nje, mahali panapofikika upesi, ili wazimamoto wakate umeme bila kuingia kwenye moto. Sisi tunashauriwa tuitie kufuli na kuondoka na ufunguo.

Mimi sasa nina boksi lililozibwa sawasawa, taa ya betri inayowaka yenyewe mtu akikaribia, na ufunguo wenye uzi mwekundu kwenye msumari nyuma ya mlango, ambao hauruhusiwi kwenda popote, hata arusini. Kwenu napendekeza jaribio. Mchukueni mwandishi wenu saa nane usiku, mvua inanyesha, mpeni shada la funguo 11 na tochi yenye betri inayokaribia kufa, mwambieni afungue lile kufuli la kwenye picha. Saa nitashika mimi.

Wako,
Mwenye Nyundo